Milango Tisa ya Nyuma ya Muhdhar

Kama Pauline angewatukana kwa hasira, Phelista angemsamehe kabla ya chai kupoa. Watu wa Nyuma ya Muhdhar wamezoea matusi. Wanayachota asubuhi pamoja na maji, pale pale kwenye foleni ya mfereji. Lakini yule mama hakutukana mtu. Alikuwa anaeleza tu mahali alipo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, siku wakwe walipotoka Bungoma kuja Kitale kujitambulisha. Derrick alitaka kumwoa Fridah, dadake Phelista, na kwa kuwa babake Derrick alikuwa marehemu, msafara uliongozwa na shangazi yake Pauline: mzaliwa wa Kabuchai, mtu wa ofisi ya serikali, mwenye viatu virefu ambavyo vililia ko-ko-ko hata kwenye udongo. Wageni walibanana kwenye sebule ya Nasimiyu, mamake Phelista, sebule ambayo usiku ni chumba cha kulala na alfajiri ni jiko. Mazungumzo yalikuwa yameanza kunoga simu ya Pauline ilipolia.

"Haloo? Eeh, niko Kitale. Si mjini, bana, niko huku slamu. Nitakupigia nikitoka."

Akakata. Akatabasamu. Akauliza walikuwa wamefikia wapi.

Sasa, tusidanganyane, neno lenyewe halikuwa geni. Mtaa uko nyuma ya duka la mzee Muhdhar, kwa hivyo waliohamia hapo mwanzo wakauita Nyuma ya Muhdhar, na mpaka leo, mzee ameshazikwa na duka liko mikononi mwa bintiye Khairunisa, jina ni lile lile. Tatizo ni kwamba kila mgeni huja na jina lake mfukoni. Watu wa kaunti wakija kupima ardhi huandika "makazi yasiyo rasmi", kana kwamba wenyeji wamekaa hapo na kaptura za kulalia. Mtangazaji mmoja wa televisheni alisema "mtaa wa mabanda" huku akiruka mtaro. Wagombea, kura ikikaribia, husema "watu wangu wa mashinani". Vijana wakichora ukutani huandika "geto", na wakiandika wao linang'aa kama raba mpya. Likitamkwa na mtu wa nje linanuka soksi. Slamu nalo lililetwa na watu wa miradi, wale wa fulana za bure, na likawa neno la kuombea. Phelista mwenyewe alilijaza kwenye fomu ya basari ya karo akiwa kidato cha pili, tena kwa mwandiko mzuri, na basari ikatoka.

Kwa hivyo si neno lililomchoma. Ni vile lilivyotoka, bila kukusudia, kama mtu anayesema yuko posta. Ukitukanwa unajibu. Ukielezwa kwa mtu mwingine kwenye simu, ukiwa umeketi hapo hapo na sahani ya mandazi mkononi, unajibu nini?

Na kana kwamba hilo halikutosha, Pauline hakunywa chai. Nasimiyu alikuwa amempa kikombe chake mwenyewe, kile cha bati chenye maua mekundu ambacho huwa hakiguswi na mtu. Chai ikakaa mpaka ikafanya utando. Baadaye Pauline akauliza choo. Phelista akampeleka kile cha ploti nzima, alichokuwa amekisugua tangu saa kumi na moja asubuhi. Pauline akautazama mlango, akacheka kidogo.

"Wacha tu, mama. Nitajikaza mpaka kituo cha petroli."

Wakati wa kuaga, akasimama nje akitafuta kitu kwa macho, mbele, nyuma, kushoto.

"Na siku ya kuja kumchukua bibi harusi tutaimbia wapi? Hamna hata geti!"

Wakwe wakacheka. Ni kweli, siku hiyo upande wa bwana harusi huja kwa nyimbo, hukuta geti limefungwa, na wanawake wa upande wa pili huwahoji kutoka ndani: nyinyi nani, mmetoka wapi, mmefika wapi. Huimba, hutoa chochote, geti likafunguliwa. Bila geti hakuna mchezo. Nasimiyu naye akacheka, kicheko cha kuazima.

Phelista hakucheka. Alihesabu: simu, chai, choo, geti. Vitu vinne. Aliviweka mahali.

Wiki iliyofuata alimsikia mamake akiongea sokoni na mwanamke wa mahindi.

"Unakaa wapi siku hizi, Mama Fridah?"

"Upande wa Kibomet," Nasimiyu akajibu haraka.

Kibomet iko kule juu, na ina mageti. Phelista alidhani hajasikia vizuri. Jumapili akamsikia tena, kanisani. Kibomet. Kwenye simu na fundi wa gauni. Kibomet. Mwanamke aliyekuwa anasimama mlangoni na mwiko kuita majirani kumi kwa sauti moja sasa alianza kuongea chini chini, na mtu akimuuliza kwake ni wapi alitazama viatu vyake. Miaka ishirini na sita ameishi hapo, amezalia hapo, amezika mume akitokea hapo. Kisha mtu anapokea simu nusu dakika, na mama huyo anahama bila kubeba hata sufuria.

Kadi za harusi zilipoletwa kutoka Bungoma, Pauline ndiye alikuwa amezichapisha. Zilisema: *Fridah, binti ya Bi. Nasimiyu wa Kibomet, Kitale.* Nasimiyu alizisoma, akazirudisha kwenye bahasha, akasema zimependeza.

Usiku huo Phelista hakukesha kwa hasira. La, alilala fofofo. Aliamka na mpango.

Alianzia mferejini.

"Mnakumbuka yule aunty alisema hatuna geti?" aliwauliza wanawake.

"Nani atasahau," akasema Tabby wa saluni. "Mimi mpaka nimeota."

"Basi tuna mageti tisa. Ni vile tu tumeyatundika kwenye nyumba."

Wakamtazama. Nangila, muuza mboga, kiongozi wa kwaya mwenye sauti ya kuezua paa, ndiye wa kwanza kuelewa. Alicheka mpaka mtungi wake ukafurika na hakuna aliyemkumbusha kuufunga mfereji.

Fridah alipopata habari alimvuta dadake nyuma ya nyumba.

"Phelista, nakuomba. Pasta amesema saa tano kamili. Kuna harusi nyingine saa saba. Tukichelewa hafungishi."

"Hamtachelewa sana."

"Sana ni ngapi? Nikiachwa na hii harusi, nitakuja kuishi na wewe mpaka uzeeke. Nitalala upande wa ukuta."

"Wewe unataka mume," Phelista akasema. "Mimi namtaka mama yangu arudi. Kila mtu na harusi yake."

Siku ikafika, Jumamosi ya mwezi wa nane, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha kana kwamba nayo ilialikwa. Saa mbili asubuhi magari matatu yenye utepe yalisimama mbele ya duka la Khairunisa. Hayangeweza kuingia, uchochoro ni mwembamba. Derrick alikuwa anasubiri kanisani Bungoma, kwa hivyo walioshuka ni msimamizi wake Hesbon, kijana mpole mwenye suti ya kijivu, wanawake kama kumi wa ukoo, na mbele yao Pauline, kilemba cha dhahabu, viatu vile vile vya ko-ko-ko. Safari hii havikulia. Vilisema fwa, fwa, vikizama.

Alipiga hatua tano, akasimama.

Katikati ya uchochoro, wima kwenye matope, ulisimama mlango. Mlango mzima wa mabati, na kitasa chake na kufuli yake, umeshikiliwa na wanawake wawili kwa nyuma. Kila upande ulikuwa umezibwa kwa meza za mboga. Na juu yake, kule mbele, Pauline aliweza kuona vichwa vya milango mingine, wa bluu, wa mbao, wa kijani uliochubuka, imepangana mpaka kwa Nasimiyu. Watu walikuwa wameng'oa milango ya nyumba zao. Kando ya uchochoro nyumba zilikuwa wazi, vitanda na masufuria yakiwatazama wageni bila aibu.

"Hodi!" akaita Hesbon.

"Nyinyi nani?" Sauti ya Nangila ilitikisa bati.

"Watu wa Derrick! Tumetoka Bungoma!"

"Na mmefika wapi?"

Wageni wakaangaliana. Pauline, mjuzi wa mambo haya, akafungua mkoba, akatoa bahasha nene ya noti za hamsini, akapitisha moja juu ya mlango. Noti ikarudi. Akapitisha ya mia mbili. Ikarudi nayo, imekunjwa vizuri.

"Weka, mama. Leo hatuuzi. Tunauliza. Mmefika wapi?"

"Si… kwa bibi harusi," akasema Pauline.

"Bibi harusi yuko mlango wa tisa. Huu ni wa kwanza. Ni wa nani?"

"Nitajuaje?"

"Unauliza. Hivyo ndivyo watu hujua."

Kwa hivyo Pauline akauliza, na akaambiwa ni mlango wa Nangila, muuza mboga, na akatakiwa aseme kwa sauti: tumefika nyumbani kwa Nangila, muuza mboga. Akasema kama anayesoma risiti. Wanawake wakamrudisha. Akasema tena, kwa sauti. Wakwe wakaitikia kwa wimbo. Mlango ukafunguliwa.

Wa pili ulikuwa wa Kang'ethe, fundi wa viatu, ambaye aliviangalia vya Pauline kwa huruma ya kikazi na kumwambia akitoka apitie. Wa tatu wa Hamid wa mitumba. Wa nne wa Ladan wa sambusa. Wa tano hapakuwa na wa kuitikia, maana ulikuwa wa Barasa, na Barasa hulinda usiku geti la watu wa Kibomet, mchana hulala. Walikuwa wameung'oa mlango wake yeye akiwa ndani, kwa ruhusa yake, na sasa alionekana pale kitandani kwenye mwanga mweupe, mdomo wazi, akikoroma.

"Ni mlango wa Barasa, mlinzi," akasema Tabby kwa niaba yake. "Sema pole pole, usimwamshe."

Pauline akanong'ona. Wageni wakaimba kwa kunong'ona. Watoto wakaviringika kwa kicheko kwenye mtaro.

Phelista alikuwa anatembea sambamba nao upande wa pili wa meza, hatua kwa hatua. Aliona jasho likitoka chini ya kilemba. Aliona saa ya Hesbon ikitazamwa. Saa mbili na nusu. Tatu kasorobo. Simu ya Hesbon ililia, ilikuwa Derrick, na Hesbon akamwambia, "Bado tuko njiani, kaka… hapana, si barabara… ni milango." Moyo wa Phelista ulikuwa mtamu kama miwa. Simu, alihesabu. Hiyo imelipwa. Geti, limelipwa. Imebaki chai na choo.

Sita, Tabby. Saba, bibi mmoja anayefuga kuku. Nane, Khairunisa mwenyewe, aliyekuwa amebeba mlango wa stoo ya dukani ili asikose.

Ukabaki wa tisa. Mlango wa bluu, wa mbao, ambao marehemu baba alikuwa ameupaka rangi Fridah alipozaliwa. Nyuma yake, kwa mpango, alitakiwa asimame Nangila aulize la mwisho, Phelista atoe chai, mambo yaishe. Lakini Phelista alipozunguka nyumba na kikombe mkononi alimkuta mamake amesimama hapo, amevaa gauni lake la kijani la harusi, mkono juu ya kitasa.

"Mama, wewe ukae ndani. Nangila ata—"

"Nangila ana mlango wake," Nasimiyu akasema.

Hodi ikapigwa.

"Nyinyi nani?" Sauti ilikuwa ndogo. Nje watu wakanyamaza ili waisikie.

"Ni sisi, mkwe. Watu wa Derrick."

"Mmefika wapi?"

Na hapa Pauline, maskini ya Mungu, akakosea kwa uungwana. Alikuwa amechoka, alitaka amani, alitaka kumpa mwenziwe heshima. Akajitengeneza kilemba na kusema kwa sauti ya mikrofoni:

"Tumefika nyumbani kwa Bi. Nasimiyu, wa Kibomet!"

Hakuna aliyeimba. Phelista alimwona mamake akifumba macho. Alidhani atalia, na kama angelia, Phelista angeuchoma moto huo utepe wa magari. Lakini Nasimiyu alivuta pumzi kama zamani alipokuwa anataka kuita majirani kumi.

"KIBOMET NI KULE JUU!" Kuku wa mlango wa saba walipiga mbawa. "Mmepotea, mkwe! Rudini barabarani muulize!"

"Lakini kadi—"

"Kadi uliandika wewe, nami nikakuachia. Makosa ni yetu wawili. Mimi nimeshatubu, sasa hivi, ukinisikia. Bado wewe. Umefika wapi?"

Hesbon akamnong'oneza Pauline sikioni. Pauline akajaribu tena.

"Nyuma… Nyuma ya Muhdhar."

"Mwezi wa nne ulimwambia mtu kwenye simu uko wapi?"

Pauline hakukumbuka. Uso wake ulionyesha wazi kwamba hakumbuki, na Phelista aliona hilo likimwingia mamake kama mwiba: miezi minne ya kutazama viatu, na mwenyewe hata hakumbuki.

"Ulisema uko slamu," Nasimiyu akasema. "Nilikuwa nakumiminia chai."

Mlango ukafunguka, lakini si wote. Upana wa mkono. Mkono ulikuwa na kikombe cha bati chenye maua mekundu, kimejaa mpaka juu.

"Hii ndiyo ile uliacha."

Pauline akanywa. Ilikuwa ya moto, ya maziwa, ya tangawizi, na akainywa yote akiwa amesimama kwenye matope, macho ya mtaa mzima yakipanda na kushuka pamoja na koo lake. Akarudisha kikombe. Phelista akapumua, imelipwa. Akanyoosha mkono afungue mlango.

Mamake akauzuia kwa mguu. Akachukua birika, akajaza tena.

"Mama," Phelista akanong'ona, "saa tatu na dakika kumi."

"Siku ile alikuja na watu wanne. Hakuna aliyemaliza chai."

"Mama, pasta!"

"Wewe ndiye uling'oa mlango wangu, Phelista. Sasa ushikilie."

Cha pili kikaenda. Cha tatu. Fridah akatokea ndani na gauni jeupe amelishika kwa mikono miwili, machozi yakitishia poda, akasema tu, "Mama," na hapo ndipo mguu ukaondoka. Vigelegele vikapasuka. Wageni wakaingia, wakamchukua bibi harusi wakikimbia, matope juu ya suti ya kijivu, juu ya dhahabu, juu ya kila kitu isipokuwa gauni jeupe, ambalo vijana walilibeba juu kama wanavuka mto.

Kabla ya kupanda gari Phelista alimwendea Pauline kwa adabu zote, akamwita shangazi kwa Kibukusu.

"Senge, safari ni ndefu. Choo kiko pale. Nimekisugua."

Pauline alitazama upande ule. Mlango wa choo ndio pekee ambao haukuwa umeng'olewa. Akatazama watu wote waliokuwa wanamtazama.

"Niko sawa," akasema.

Gari la kwanza liliendeshwa na Kipkoech, mtu wa maneno machache na mguu mzito. Bibi harusi na Hesbon walikuwa katika gari hilo. La pili liliendeshwa na binamu wa Derrick, Nasimiyu mbele, Phelista na Pauline nyuma. Kiminini wakaipita. Kabla ya Kamukuywa Pauline akaanza kukalia upande mmoja. Baada ya Kamukuywa akakalia mwingine. Kila tuta la barabarani lilimtoa sauti ndogo, kama mlango usio na mafuta. Phelista alitazama dirishani mashamba ya mahindi huku akiuma shavu kwa ndani asicheke.

Hatimaye:

"Dereva, mwanangu. Hapo Misikhu kuna mahali pa… Simamisha kidogo tu."

Dereva akamtazama Nasimiyu. Nasimiyu hakugeuka.

"Endelea," akasema. "Kwetu kulikuwa na choo. Mkwe alikiona. Mara mbili."

Phelista alicheka sasa, waziwazi, kisha akamwona mamake kwenye kioo. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameketi wima, kidevu juu, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kila kitu kiko pale alipokiacha na sasa anahesabu vijiko.

"Mkwe, tafadhali," Pauline akasema. Sauti yote ya ofisi ilikuwa imemtoka. "Nimekosa. Nimekosa kabisa. Yaani sikujua hata nilisema."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Nyumba za kwanza za Misikhu zikaanza kuonekana, na watu wa soko wakivuka na mikungu ya ndizi. Dereva akapunguza mwendo.

"Utasimamishiwa," Nasimiyu akasema, "na nitakushikia mkoba. Lakini kwanza niambie umenichukua wapi. Mlango kwa mlango."

Pauline akafumba macho, magoti yamebanana.

"Nangila, muuza mboga. Kang'ethe, fundi wa viatu. Hamid… Hamid wa mitumba. Ladan wa sambusa. Tabby wa saluni. Yule bibi wa kuku. Khairunisa wa dukani. Na kwako."

"Hiyo ni minane."

"Mkwe!"

"Umemruka aliyelala." Nasimiyu akamgusa dereva bega, naye akakanyaga mafuta kidogo, soko likaanza kurudi nyuma. "Anza tena."